Ng'ombe wa Kakao

Ulikuwa mwaka wa yanga. Aliyeula unga ule hahitaji kalenda. Mahindi ya njano yaliletwa kwa meli kutoka kwa watu wenye mahindi mengi, yakasagwa, yakapandishwa milimani kwa lori mpaka kwetu chini ya msitu wa Magamba, nasi tukayala kwa sababu mengine hayakuwepo. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai, lakini yai la kuku mgonjwa. Ulinuka gunia. Ukibaki mpaka jioni unaweza kumtupia mbwa akakimbia akidhani umempiga jiwe. Mama yangu mzazi, aliyezoea bada, ule ugali wetu wa muhogo, alimega tonge la kwanza, akaligeuza vidoleni, akasema, "Hiki kimekufa zamani. Sisi tunakizika tu."

Lakini mimi mwaka ule siukumbuki kwa yanga peke yake. Nikikaa hapa barazani ukungu ukaanza kushuka kutoka msituni, ukapita kwenye migomba, ukaja mpaka miguuni pangu kama paka, nafumba macho na harufu mbili zinanijia. Moja ya gunia. Nyingine ya kakao. Ya gunia hupita. Ya kakao hukaa.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa kijiji chetu kutengeneza chokoleti. Hakuna mwingine. Wengine sasa ni mabwana wenye matumbo na miwani, waulizeni. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Jiko nililisoma mpaka mwisho.

Jiko lenyewe lilikuwa Kwai, kwenye mashamba ya wazungu. Nilikuwa msichana tu, kifua ndiyo kwanza kinachomoza, baba akanitoa shuleni akanipeleka kwa memsahibu mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa na miti ya plamsi. Uhuru ulikuwa unakaribia. Barabarani wanaume waliongea kwa kunong'ona, kilabuni wakaongea kwa kupiga meza. Memsahibu hakuwa mbaya, sitamsingizia. Alikuwa mrefu, mkimya, ananuka sabuni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza: lete, weka, koroga, polepole.

Krismasi ikikaribia alishusha kutoka kabatini mikebe ya kakao, akaniita. Maziwa yakachemka na sukari na siagi, ukaingia ule unga wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, na mimi nikakoroga. Nje ukungu wa Kwai ulikuwa umewalalia ng'ombe migongoni, ukitazama dirishani unaona pembe tu zikitembea zenyewe. Ndani kuni zinalia, kioo cha dirisha kinatoka jasho, na harufu inapanda, inaniingia puani, kooni, kwenye khanga, mpaka naona usingizi nikiwa nimesimama. Nilidhani hivi ndivyo mbinguni kunavyonuka. Mchungaji alikuwa hajatuambia mbinguni kunanuka nini, nikajijazia mwenyewe.

Ikishaiva, memsahibu aliimimina kwenye vibati vyenye umbo la nyota na umbo la miti, akavipanga baraza ya nyuma vigande kwa baridi. Watoto wake walikuwa wamekaa mezani wamevaa soksi, wakisubiri. Nami nasubiri, na sufuria mkononi.

Mwaka wa kwanza alichukua nyota moja, akaninyooshea. "Chukua," akasema.

Sasa hapa ndipo penyewe. Mimi nina mama yangu, na mama yangu alinilea. Mtoto wa kwetu akikaribishwa chakula cha watu, mara ya kwanza anakataa. Utumbo unaweza kuwa umeshikana na mgongo, wewe unasema umeshiba. Mwenye chakula anajua kabisa kwamba hujashiba, kwa hiyo anakukaribisha tena, safari hii kwa nguvu, pengine anakushika mkono: kula bwana, acha mambo yako. Hapo sasa unanawa. Anayepokea mara ya kwanza watu hutazamana, wakamsema mama yake.

Nikapiga goti kidogo. Nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba."

Nikasubiri.

Memsahibu akaitikia kwa kichwa, akaigeuza ile nyota, akaitia mdomoni mwa mwanawe mdogo. Yule mtoto akaitafuna akinitazama. Mimi bado nasubiri. Nafikiri nilisubiri mpaka jua lilipozama, nikiosha vyombo huku sikio langu moja liko nyuma, likingoja kuitwa mara ya pili. Sikuitwa. Krismasi iliyofuata hakuniuliza kabisa. Alimwambia mpishi, mzee mmoja wa Mlola, "Huyu usimpe, hapendi tamu." Na sufuria ilikuwa ya mpishi kuilamba, kwa haki ya mvi zake. Basi nikakoroga chokoleti ya watu Krismasi baada ya Krismasi, naijua kwa pua, naijua kwa mkono, naijua kwa sauti inavyobadilika ikianza kuwa nzito. Kwa ulimi siijui.

Uhuru ukaja. Bendera ikabadilishwa, tukaimba mpaka sauti zikatuishia. Baada ya hapo memsahibu akauza ng'ombe, akafunga masanduku. Siku ya kuondoka aliniita, akanipa sufuria ile ile nzito ya chini nene, na mwiko wake. Nikaibeba kichwani kupita njia ya msituni, na kila nikisimama kupumzika naishusha, naingiza kichwa ndani, nanusa. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Lakini harufu ilikuwemo, kwa mbali, kama mtu aliyetoka chumbani sasa hivi.

Nilifika nyumbani na hasira. Nikamwambia mama yangu, "Adabu yako imeninyima."

"Imekunyima nini?"

Nikamweleza. Alikuwa anachambua maharage, hakunyanyua uso. "Adabu yangu haijakunyima," akasema. "Yule mama ndiye hakumaliza."

"Hakumaliza nini?"

"Kukukaribisha."

Sikutaka kusikia. Nikaolewa, nikazaa, na nyumbani kwangu nikapiga marufuku. Wanangu wakikaribishwa kitu na wanakitaka, wapokee hapo hapo na waseme ahsante. Mtu akisema hataki, aachwe. Mama yangu, aliyekuja kukaa kwangu baada ya baba kufariki, alinitazama nikiwafundisha hivyo akaweka ugoro puani. "Unalea kunguru," akasema.

"Bora kunguru aliyekula."

"Haya. Ruka nao basi."

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi na yeye, tunapendana na tunakwaruzana, mpaka ukafika mwaka wa yanga.

Sukari ilikuwa imeadimika. Chai tuliinywa kavu, au kwa kipande cha muwa. Siku moja kukawa na habari kwamba lori limefika duka la ujamaa, na wanawake wote tukateremka na vikapu. Muuza duka alikuwa mdogo wake mume wangu, mtu wa tumbo kubwa hata wakati wa njaa, sijui alikula nini. Akasimama mlangoni akatangaza: sukari ipo, lakini kila atakayechukua sukari lazima achukue na kopo hili.

"Kopo la nini?" wanawake wakauliza.

"Limeandikwa kizungu."

"Na ndani?"

"Ndani mtaona wenyewe. Mimi nimeletewa, sikulizaa."

"Hiyo ni dawa ya minyoo," akasema mmoja.

"Minyoo ya nani, na hii njaa? Ilishahama yote," akasema mwingine. Tukacheka.

Mama mmoja, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, akafungua lake hapo hapo, akachovya ulimi. Akatema. "Chungu kama kwinini! Shemeji yenu anataka kuua waume zetu atuoe wajane!"

Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya mstari. Upepo ukavuma kutoka kwake kuja kwangu, ukaniletea harufu ya jiko la Kwai. Niliwasukuma watu, niseme ukweli, nikafika mbele.

"Shemeji, hii ni kakao."

"Kakao ndiyo nini?"

"Ni chokoleti kabla haijabatizwa."

Hawakunielewa, wakacheka, wakanipa makopo yao. Chukua, shoga, kafe nayo mwenyewe. Wachache walibaki nayo. Yule jirani yangu aliweka ukindu wake ndani ya kakao iliyochemshwa, akidhani itatoa rangi nzuri ya mkeka. Rangi ilikubali. Siafu nao walikubali, wakaubeba mkeka ambao haujaisha kusukwa, na naye akaja kuniletea kilichobaki kwenye kopo.

Mwaka ule Idd ya kuchinja na Krismasi ziligusana mabega. Jirani yangu huyo na watoto wake ni Waislamu, sisi Walutheri, na watoto wa pande zote mbili walikuwa hawajui hata sikukuu ipi ni ya nani, walijua tu kwamba nyama haipo na mchele haupo. Walikaa uani kwangu kama vifaranga vya mvua. Nikawatazama, nikasema kabla sijafikiri, "Nitawapikia chokoleti."

"Chokoleti ndiyo nini, mama?"

"Mtaona."

"Inaliwa na ugali?"

"Ukiila na yanga nitakuchapa."

Mama yangu alikuwa mlangoni, kwenye kigoda chake. Nikamgeukia, nikamwambia wazi, "Na safari hii, mama, sitashiba. Safari hii nitakula."

"Tutaona," akasema.

Nilikuwa nimeapa, na kiapo chenyewe kilikuwa hivi: silambi mwiko, silambi sufuria, silambi kidole. Kulamba nilikuwa na uwezo nako, hakuna mpishi wa kunizuia. Lakini nilitaka ile yenyewe, iliyoganda, yenye umbo, ninayopewa mkononi kama mtu. Ndiyo niliyoikosa Kwai, na ndiyo niliyokuwa naidai.

Watoto walileta sukari kutoka kwao, kijiko cha huyu, kijiko cha yule, imefungwa kwenye jani la mgomba kama hirizi. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wetu na kwa ng'ombe wa jirani. Siagi waliitikisa wenyewe kwenye kibuyu, wakipokezana, wanaimba wimbo usio na maneno, na kila mmoja anasema imeshatoka ili akabidhi. Sufuria ya Kwai ikapanda mafigani. Tangu nije nayo ilikuwa imepika maharage na viazi miaka yote, lakini maziwa yalipopata moto na kakao ikaingia, sufuria ikakumbuka. Nawaambia ilikumbuka. Harufu ikajaa jikoni ikatoka chini ya makuti na juu ya mlango, ikaenda uani, na watoto wakaja mlangoni mmoja mmoja. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye kizingiti. Nilikuwa nakoroga na sijui kama niko hapa au niko Kwai, kama nina watoto au bado ni msichana, mwiko unazunguka na mimi nazunguka nao.

"Mama, unalala?" mwanangu wa mwisho akaniuliza. Alikuwa msichana mdogo, hajaanza shule, mwenye tabia ya kutoa ulimi nje akifikiri.

"Silali. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Ikiiva itaniambia."

Ikaniambia. Nikaimwaga kwenye sinia lililotandikwa jani la mgomba na kupakwa siagi, ikapoa kidogo, ikawa kama udongo laini wa kufinyanga. Vibati vya nyota sikuwa navyo. Nikawaambia, "Sasa tengenezeni kwa mikono. Nyota, miti, kama za wazungu."

Wakatazamana. Wakacheka. Mtoto gani wa kwetu amewahi kufinyanga nyota? Mikono yao ilikuwa inajua kitu kimoja, kile ambacho watoto wa hapa wanakifinyanga mfereji ukipungua udongo ukaonekana. Wakatengeneza ng'ombe. Ng'ombe wa nundu, ng'ombe wa pembe ndefu, ndama ananyonya. Watoto wa jirani wakatengeneza mbuzi wa Idd mwenye ndevu. Mmoja akatengeneza lori lenye magurudumu, mwingine akamfinyanga muuza duka na tumbo lake, tukamtambua wote kabla hajawekewa kichwa. Mwanangu wa mwisho alikaa pembeni, ulimi nje, akaja na ng'ombe mdogo aliyeinama.

"Huyu ni wa mama," akasema.

"Mbona ana pembe moja?"

"Nyingine imevunjwa na ng'ombe wa kaka. Walipigana."

"Nani kashinda?"

"Wako. Ndiyo maana kabaki na hii."

Nikamtazama yule ng'ombe. Mate yalijaa mdomoni mpaka nikageuka nisionekane. Wakati huo huo kipande cha reli kikagongwa kule ofisi ya kijiji, maana yake wote shamba la ujamaa, viazi vinavunwa kabla mvua haijaviozesha. Ukichelewa balozi wa nyumba kumi anakuja mlangoni. Nikafunga khanga, nikawaambia watoto, "Wekeni nje wagande. Asiguse mtu mpaka nirudi." Nikamwachia mama yangu ulinzi, nikaondoka.

Kule shambani nilichimba viazi kama mtu aliye ndotoni. Mikono ilikuwa bado inanuka, na wanawake wa mstari wangu waliisogeza puani mwao kila tukiinuka kunyoosha mgongo. "Leta mkono," wananiambia, wananusa, wanaurudisha. Kisha ukungu ukapasuka. Jua la milimani likatoka, lile la baada ya mvua, jeupe, linauma shingo. Wote tukasema ahsante Mungu. Na mimi nikasema. Kule Kwai baraza ya nyuma haikuwahi kuona jua, basi halikunijia wazo lolote.

Niliporudi nilisikia kilio nikiwa bado njiani, sauti za watoto wengi pamoja. Nikatupa jembe.

Sasa nani asiyejua kwamba ng'ombe wa udongo huanikwa? Akikaa kivulini anaota ukungu mweupe, anapasuka. Watoto wetu wote wanajua, bibi zao wanajua. Basi walikuwa wamefanya kazi yao vizuri kabisa. Jua lilipotoka walilibeba sinia, na mama yangu akiwaelekeza kwa fimbo, wakaliweka juu ya jabali kubwa la uani, pale palipo moto kuliko kote, ng'ombe wakauke.

Kundi lote lilikuwa limelala. Hapakuwa na ng'ombe, palikuwa na ziwa la kahawia, linang'aa, na ndani yake lori likizama taratibu. Muuza duka alikuwa ametandazika kama hajawahi kuwa na mifupa. Mbuzi wa Idd alibaki ndevu. Mama yangu alisimama na fimbo yake, hana aibu hata kidogo.

"Tumeanika vizuri," akasema. "Hawa ng'ombe wako ni wa udongo gani?"

Nilifungua mdomo nimtolee maneno. Yalikuwa mengi, ya tangu Kwai, yamepanga mstari kooni. Nikawatazama watoto, wamekaa kulizunguka jabali, pua zinatiririka, hakuna aliyegusa, maana niliwaambia asiguse mtu. Nikafunga mdomo. Nikakaa nao.

Ukungu ukarudi. Huku kwetu hauna haraka, lakini hauna pa kwenda pengine. Ulipita juu yetu, tukawa hatuonani vizuri, vichwa tu na lile sinia katikati. Lile ziwa likaacha kung'aa, likaingia utando, likawa kama kinamasi, kisha nikaligusa kwa ukucha na ukucha haukuingia. Lilikuwa limeganda bamba moja, na ndani yake jani la mgomba limeacha chapa, na pembe moja ndogo imesimama wima.

"Kundi limeingia zizini," mama yangu akasema.

Nikalivunja kwa mpini wa kisu. Watoto wakasahau kulia, wakaanza kugombea mipaka.

"Hapa ndipo alipokuwa ng'ombe wangu!"

"Wako alikuwa na mkia. Huu mkia ni wa mbuzi wetu!"

"Mimi napata gurudumu!"

"Mimi sitaki tumbo la muuza duka!"

Nikagawa. Walikuwa wamezidi, harufu ilikuwa imewaita hata wale wa kilima cha pili, wamesimama kwenye uzio wanajifanya wanapita. Niliwaita, na kwa amri yangu ya nyumbani hakuna aliyeulizwa mara mbili. Anayetaka? Shika. Wakatia mdomoni. Mvulana mmoja wa jirani alifumba macho akashika shavu kama mwenye jino bovu. Mwingine akasema, "Mama, inaondoka yenyewe, sijaitafuna," kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nikagawa mpaka sinia likabaki na siagi na jani lake, na aliyekuwa wa mwisho kwenye uzio akapata kile nilichokuwa nimekiweka pembeni kiwe changu. Sikumwonea huruma, msinifikirie hivyo. Nilikuwa tu nimesema nitawapikia, na mimi nikisema nimesema.

Nikaanza kufuta sinia. Nikajiambia basi, itakuwa hivyo, mimi ni mtu wa pua.

Mwanangu wa mwisho akaja. Alikuwa hajala. Kiganjani alikuwa na kipande kidogo chenye ile pembe juu yake, amekishikilia nje ukunguni kisiyeyuke, mpaka vidole vimekuwa vya baridi.

"Mama, huyu wako. Pembe yake hii."

Tangu Kwai nilikuwa nimejipanga kwa siku hiyo. Jibu lilikuwa tayari. Lakini mdomo una mwenye nao, na wangu alikuwa amekaa pale mlangoni kwenye kigoda. Goti langu likainama lenyewe, kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikasikia sauti ya yule msichana wa Kwai ikitoka, pole, yenye adabu:

"Ahsante mama, nimeshiba."

Mwanangu akanitazama. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe: mtu akisema hataki, aachwe. Akafunga kiganja. Akageuka, akapiga hatua kwenda kwa wenzake, na mimi nimesimama na sinia, nasubiri, kama nilivyosubiri.

Mama yangu akakohoa, kikohozi cha ugoro.

Mtoto akasimama. Akarudi. Akanishika mkono kwa nguvu zake zote, na sauti aliyoitoa haikuwa yake, ilikuwa ya bibi yake mtupu:

"Kula bwana! Acha mambo yako! Bibi amesema mtu mzima hashibi mara ya kwanza."

Kumbe mama yangu alikuwa anawafundisha. Miaka yote, nyuma ya mgongo wangu, jikoni, njiani kwenda mferejini, alikuwa anawafundisha ile nusu ambayo mimi sikuwahi kuitafuta, ya mwenye chakula. Nikanawa. Ndiyo, nilinawa kwanza, kwenye maji ya kuku. Nikapokea.

Nitawaambia ilivyokuwa. Ilikuwa na moshi. Ilikuwa na chumvi ya kiganja cha mtoto, na punje ya mchanga. Mwanzo ilikuwa chungu, nikashtuka, maana harufu haikuwahi kuniambia habari ya uchungu. Halafu ikalainika, ikafunguka, ikajaa mpaka nyuma ya macho, na nikaliona jiko la Kwai lote, dirisha linatoka jasho, pembe zinatembea ukunguni, na yule msichana amesimama na sufuria. Akaitwa. Sikulia. Ule ukungu unalowesha uso, kila mtu wa huku anajua.

"Leo umeshiba?" mama yangu akauliza kutoka mlangoni.

"Nyamaza, mama. Bado natafuna."

Sasa mama amelala chini ya migomba, mahali alipochagua mwenyewe. Mume wangu naye ameshatangulia. Kakao iko kila duka hapa Lushoto, hakuna anayelazimishwa. Wajukuu wangu wanakuja Krismasi kutoka Tanga na kutoka Arusha na chokoleti zao za kununua, zimevaa karatasi za kung'aa. Nawaambia wekeni kabatini, hizo zimetengenezwa na mashine, mashine haina mama. Tunashusha sufuria ya Kwai. Wanakoroga kwa zamu, wanafinyanga kwenye meza yangu, na mpaka leo wanatengeneza ng'ombe, ingawa wengine wao ng'ombe wanamwona kwenye pakiti ya maziwa. Tunawapanga baraza ya nyuma, upande wa baridi. Jua likitoka wanapiga kelele na kuwakinga kwa khanga zangu.

Wakishaganda, mdogo kuliko wote huchagua mmoja, akamvunja pembe moja kwa makusudi, akaniletea. Hapo wote hutuzunguka. Hata wenye simu huziweka chini. Anasimama mbele yangu, mkono ameunyoosha, anajizuia kucheka, na ukungu nyuma yake unashuka kutoka Magamba kama ulivyoshuka siku zote. Mimi sina haraka. Namtazama yule ng'ombe, namtazama mtoto. Hasogei. Anajua kazi yake. Nami najua yangu, napiga goti kidogo, kwa kadiri magoti haya yanavyokubali, nasema:

"Ahsante mama, nimeshiba."